Maneno Asiyoyaandika Asiya

Asiya alirudi kutoka Kinindo kwa miguu, kwa sababu wiki ile mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini na kila basi lilikuwa likigombewa na watu wa kata nzima. Alipofika nyumbani kwake, Buyenzi, alikuta chungio, chupa ya chai na sufuria ndogo vimepangwa kwenye kizingiti cha mlango. Vyote vilikuwa vyake. Vyote vilikuwa vimekaa kwa jirani yake Khadidja tangu kabla ya Ramadhani, na hakuna aliyekuwa na haraka navyo, kwa kuwa Asiya naye alikuwa na kinu cha Khadidja na mkeka wake. Sasa vimerudi vimeoshwa. Sufuria ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka chini.

Mtu akikurudishia vyombo bila kukuita jina, usidhani ni usafi. Asiya alisimama pale mlangoni, mkoba begani, miguu ikimuuma, akajaribu kukumbuka alichokosea.

Yeye na Khadidja waligawana ukuta mmoja kwa zaidi ya miaka kumi. Khadidja alikuwa mke wa Twahiru, fundi wa injini mwenye gereji avenyu mbili kutoka pale, mtu mpole ambaye hata akigombana na mteja sauti yake haivuki barabara. Asiya alikuwa mjane. Mchana alifundisha Kiswahili kwa wageni wa mashirika wanaokaa kwenye nyumba kubwa za Kinindo. Asubuhi na mapema aliandika. Kila wiki aliandika sehemu moja ya mchezo wa redio unaoitwa Jikoni kwa Mama Semeni, kwa mkono, kwenye karatasi za shule, halafu akazipiga picha kwa simu na kuzituma studio. Mchezo ulirushwa Alhamisi baada ya alasiri, na wanawake wa avenyu yao walikuwa wakikusanyika sebuleni kwa Khadidja kuusikiliza, wakinywa chai, wakimtukana mume wa Mama Semeni kana kwamba anapita dirishani.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Asiya aliingiza vyombo ndani, akaenda kubisha kwa jirani. "Khadidja! Hodi."

Mlango ulifunguka nusu. Khadidja alikuwa amejifunga leso kichwani kwa kubana, kama mwenye maumivu.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi. Mbona vyombo?"

"Ni vyako."

"Najua ni vyangu. Iko nini?"

Khadidja alimtazama kutoka usoni mpaka miguuni, taratibu, kama mtu anayepima nguo asiyotaka kuinunua. "Nani alikuambia lile neno?"

"Neno gani?"

"Asiya, mi si mutoto. Neno la Mama Semeni. La leo. Watu wamejaa mu salon yangu, wote wanacheka, na mi nimesimama na sinia ya chai mukononi. Kidogo tu niimwage."

"Leo sikusikia kipindi. Nilikuwa njiani, hakukuwa na basi."

"We ndiye unaandika, we tena husikii?" Khadidja alicheka bila furaha. "Kama hujui, uliza redio yako. Mi nilifikiri umesikia kwa ukuta. Nikasema sawa, ukuta wa zamani, nitaongeza matofali. Lakini Twahiru haongei kwa nguvu, we unajua. Neno lile halipiti kwa ukuta. Ao ulilisikia kwa karibu zaidi."

Akafunga mlango.

Asiya alikuwa amesharudi chumbani kwake, amekaa kitandani na kuvua viatu, ndipo maana ya "karibu zaidi" ilipomfikia. Mwanamke aliyekuwa akimpelekea uji wakati wa msiba wa mumewe alikuwa anamshuku analala na Twahiru.

Alimpigia simu Sylvère, mtayarishaji wa michezo kule studio, Rohero. Sylvère alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza salamu.

"Madamu Asiya! Felisitasiyo, hongera! Simu zinalia tangu kipindi kimekwisha. Ulitoa wapi ile ya buji?"

"Buji gani?"

"Pale Mama Semeni anamwambia mumewe: 'Uliniita buji yako, ukasema bila mimi gari haiwaki. Na yule wa nyumba kubwa, unamwita nani?' Madamu, hata fundi wetu wa mitambo alipiga makofi."

"Sylvère, mimi sikuandika hiyo."

"Bon. Basi itakuwa waigizaji waliongeza. Wanaongezaga, unajua. Inaleta uhai."

"Nani aliongeza?"

"Ah, madamu, mimi nachunga saa na sauti, sichungi kila neno." Akacheka tena. "Ila wiki ijayo utupe zaidi ya hiyo. Watu wanataka kumjua huyo wa nyumba kubwa."

Asiya alikata simu akiwa na mashaka zaidi kuliko kabla ya kupiga. Alianza kukumbuka mambo. Siku za karibuni Sylvère alikuwa akimuuliza maswali ya ajabu: majirani zako wanaishije, huko Buyenzi wanaume wana mambo gani. Halafu kulikuwa na yule msichana, Orlane, aliyetoka chuo kikuu, ambaye sasa alikuwa hakosekani studio, kompyuta mapajani, akiangalia kila kitu na kusema kidogo. Zaidi ya mara moja Sylvère alimwambia Asiya kwa utani, "Ukichoka utuambie, vijana wapo." Labda walikuwa wameanza kumwandikia mchezo nyuma ya mgongo wake, ili siku moja aambiwe hahitajiki.

Lakini hata kama ni hivyo, Sylvère wa Rohero na Orlane wa chuo kikuu wangelijuaje neno la fundi, buji, plagi inayowasha injini, ambalo Twahiru alimwambia mkewe faraghani? Yeye mwenyewe, wa ukuta mmoja, hakuwahi kulisikia. Aliyelipeleka neno lile studio alikuwa amekaa karibu na Twahiru. Karibu zaidi, kama alivyosema Khadidja.

Kuanzia kesho yake asubuhi avenyu ilimbadilikia. Zamani akifika bombani wanawake walikuwa wakitania: "Mwandishi huyo, chungeni midomo," wakacheka, wakaendelea kusema kila kitu. Sasa utani haukutolewa, na midomo ilichungwa. Bombani maongezi yalikatika alipotua ndoo. Mwanamke mmoja ambaye hata hakuwa rafiki wa Khadidja alimhamisha mumewe upande wa pili wa barabara walipokutana. Katika mji huu watu wamejifunza kwamba neno lililotoka redioni halirudi, na anayelipeleka huko si mtu wa kukaa naye jikoni. Asiya alilijua hilo. Ndiyo maana miaka yote aliandika kwa uangalifu, akimchukua mtu wa Buyenzi na kumvisha sura ya mtu wa Kamenge, akichanganya majina, akihamisha watoto kutoka nyumba hii kwenda ile. Hakuwahi kumwandika mtu mzima mzima. Na sasa nani angemwamini?

Twahiru alimngoja Ijumaa hiyo hiyo, baada ya sala, kwenye kona ya maduka ya vipuri. Alikuwa na kanzu safi, lakini kucha zake zilikuwa na weusi ule wa oili usiotoka hata kwa sabuni. Alitazama nyuma kabla ya kusema.

"Dada Asiya. Mchezo wako unanivunjia nyumba."

"Mstari ule si mimi niliyeuandika, Twahiru. Nakuapia."

"Basi nani?"

"Sijui. Nilitaka kukuuliza wewe."

Twahiru alipangusa mikono yake kwenye kanzu, ingawa haikuwa na maji. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "We unajua nini?"

Asiya aliisikia ile tofauti mara moja. Mtu asiye na jambo angeuliza: kwa nini mnanisingizia? Huyu aliuliza amejua kiasi gani.

"Najua kidogo," alisema, ingawa hakujua lolote.

Uso wa Twahiru ulilegea. "Nakuomba, dada. Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Usiongeze neno." Akaondoka haraka akipita kati ya magari yaliyofunguliwa vifuniko, akageuka mara moja kumwangalia kama yuko pale bado.

Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke. Asiya alirudi nyumbani akiwa na hakika hiyo moja, na hakuweza kuipeleka kwa Khadidja. Angesema nini? Nimekutana na mumeo kwenye kona, amenisihi ninyamaze? Angekuwa amejifunga kamba mwenyewe.

Kurekodi kulifanyika Jumamosi asubuhi. Asiya hakuwa na kawaida ya kwenda. Alituma kurasa zake na kungoja Alhamisi kama msikilizaji mwingine. Safari hii alikwenda. Alimkuta Orlane peke yake kwenye chumba cha mitambo, kompyuta mapajani.

"Unaandika nini, binti?" Asiya aliuliza, na yeye mwenyewe alisikia sauti yake ilivyokuwa kali.

"Kipindi cha kilimo, madamu. Ugonjwa wa migomba." Orlane aligeuza kioo cha kompyuta amwonyeshe. "Ulifikiri naandika nini?"

Asiya aliona aibu, lakini hakurudi nyuma. "Ile sehemu ya Alhamisi, ulikuwa hapa walipoirekodi?"

"Walirekodi Jumamosi iliyopita. Nilikuwa hapa hapa, nyuma ya kioo." Orlane alisita. "Unataka kujua ile ya buji, eh? Niliona. Wenzake wote walikuwa wanasoma kwa simu. Consolate hakuwa anasoma. Alikuwa amefumba macho."

Consolate ndiye aliyekuwa Mama Semeni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji nguo wa Cibitoke, ambaye Sylvère alimpata kwenye kwaya ya kanisa akaona sauti yake haifai kupotea. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, ambayo hata ikisema "leta chumvi" unahisi kuna jambo nyuma yake. Asiya alikuwa ameiandikia sauti ile kwa miaka miwili. Akiwa peke yake alfajiri aliisikia kabla hajaweka neno kwenye karatasi. Lakini mwenye sauti alimjua kidogo sana. Consolate alikuja, alisalimia kwa mikono miwili, alisema maneno yake, akaondoka. Hakuwahi kumwalika mtu kwake. Sikukuu ya Noeli iliyopita hakuimba kwenye kwaya, na alipoulizwa alisema koo.

Waigizaji walipoingia chumba cha kurekodia, Asiya aliketi nyuma ya kioo pamoja na Sylvère. Sehemu ya siku hiyo ilikuwa nyepesi: Mama Semeni amepika, mumewe amechelewa, chakula kinapoa. Hakukuwa na mtego wowote ndani yake. Asiya aliiandika kwa hasira na uchovu, akitaka tu ipite.

"Nimekupikia sangala," ndivyo Asiya alivyoandika. "Nimeitafuta soko zima."

Consolate alisema, "Nimekupikia mukeke. Nimeitafuta soko zima."

Sylvère hakugutuka. Samaki ni samaki. Lakini Asiya aliinuka, akabonyeza kitufe cha kuongea nao. "Consolate, samahani. Kwenye karatasi ni sangala."

"Ah, ndiyo, pole, da Asiya." Consolate alikuwa anatabasamu. "Ni juu sangala inamuwasha koo."

"Inamuwasha nani?"

Tabasamu lilibaki pale pale, lakini macho yaliondoka. Mle ndani mwigizaji mwenzake alikuwa anageuza kurasa kwenye simu, hajasikia lolote la ajabu. Asiya alikuwa amesikia. Kila Idi, Khadidja alikuwa akipika mukeke, na kila Idi alikuwa akilalamika vilevile: mume wangu na sangala hawapatani, akila kipande tu koo linamuwasha.

"Tupumzike kidogo," Asiya alimwambia Sylvère, wala hakungoja jibu.

Waliketi kwenye ngazi za nyuma ya jengo, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Kwa muda mrefu Consolate alikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Ni muda gani?" Asiya aliuliza.

"Muaka wa pili unaenda kwisha. Alinioa kwa shehe, na mashahidi. Nilisilimu, nikapewa jina Sakina. Kwetu hawajui mpaka leo. Ofisi ya komini haiandiki muke wa pili, lakini kwa Mungu mi ni muke wake."

"Na Khadidja?"

"Alisema anajua. Alisema amekubali, ila hataki kuniona, roho yake haijapoa. Kila sikukuu ananiletea nguo, anasema, 'Hii ni ya dada yako, amekutumia.' Mi nilivaa, da Asiya. Nilimuombea Khadidja kwa jina."

"Nini kikakutia mashaka?"

Consolate alimtazama. "Wewe. Siku ile ulikuja kuchukua mualiko wa sherehe ya redio, ukakaa na sisi, ukatuchekesha. Ulisema jirani yako Khadidja anajisifu avenyu nzima kwamba fundi wake hajawahi kuangalia pembeni. Mutu aliyekubali muke wa pili hasemi vile."

Asiya aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amesimulia kwa mapenzi tu, kama mtu anavyomsifu ndugu.

"Nilimuuliza Twahiru," Consolate aliendelea. "Alicheka, akaniita buji. Nikafikiri: nikienda Buyenzi nitaambiwa mi malaya wa Cibitoke. Nikipiga simu, atakata. Lakini redio Khadidja anaifungua mwenyewe, na neno la fundi, muke wake atalijua. Nikasema, kama anajua habari zangu, lile neno litamchekesha. Kama hajui… Twahiru hajafika kwangu tangu Alhamisi. Simu hapokei. Basi nimepata jibu."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na Asiya alimwangalia kwa jicho kavu. Mwanamke huyu kazi yake ilikuwa kuliza watu. Alikuwa analia sawasawa na Mama Semeni, pumzi ikikatika mahali pale pale. Asiya alitaka kumwamini na hakuweza kuamini yote. Labda hakuna shehe. Labda alijua tangu mwanzo Khadidja amedanganywa, akaridhika, na sasa ametaka kumvunjia nyumba ili aibebe peke yake.

"Ulichukua mdomo wa mtu niliyemuumba mimi," Asiya alisema, "ukasema ya kwako. Khadidja hakuwaza Cibitoke. Alinishuku mimi. Mimi ndiye niliye karibu."

Consolate aliacha kulia. Hilo lilionekana kumpiga kweli. "Hilo sikuliwaza," alisema. "Haki ya Mungu, sikuliwaza."

"Basi utakuja Buyenzi useme mwenyewe."

"Apana. Siwezi."

"Usipokuja, Mama Semeni hatasema tena. Nitamaliza mchezo Alhamisi hii."

Consolate alisema atakuja Jumatatu. Asiya hakutegemea. Jumatatu alisimama mlangoni kwake tangu adhuhuri, akijiambia kila mara kwamba amedanganywa, na alipomwona akitokea mwisho wa avenyu kwa miguu, kitenge kipya, kichwa kimefunikwa, alihisi hofu badala ya nafuu.

Asiya ndiye aliyebisha kwa Khadidja. Hakuna aliyejibu. Ndani palisikika kijiko kikikoroga kitu, kikasimama, kikaendelea. Akabisha tena. Hapo Consolate akasogea mbele yake, akasema kwa ile sauti ya chini, "Hodi, mama. Hodi wenye nyumba."

Kijiko kilianguka.

Hatua zilikuja mbio, na mlango ukafunguka wote. Khadidja alisimama pale, mikono ina unga, na kabla hajakumbuka kwamba amekasirika uso wake ulijaa furaha kama wa msichana. "Mama Semeni?" alisema. "Mama Semeni ni wewe? Kwangu?" Akaanza kuitengeneza leso yake, kwa aibu ya kukutwa vile na mgeni mkubwa.

Baadaye Asiya alisema hakuna kilichomuuma kuliko furaha ile.

"Mi si Mama Semeni," Consolate alisema. "Naitwa Consolate. Kwa shehe naitwa Sakina. Mume wangu anaitwa Twahiru."

Khadidja hakupiga kelele. Aliangalia kitenge cha mgeni, maua ya kijani juu ya rangi ya kahawa. Yeye mwenyewe alikuwa nacho sandukuni. Twahiru alimletea akisema kilikuwa kimebaki kimoja tu dukani. Akawapisha mlangoni. Waliketi kwenye viti vilevile ambavyo wanawake waliketi kusikiliza redio, na Consolate alisimulia, na wakati huu hakulia.

"Asubuhi anakohoa kwako?" Khadidja aliuliza alipomaliza.

"Anakohoa."

"Anaweka viatu juu ya kiti?"

"Ndiyo."

Khadidja alitikisa kichwa muda mrefu. "Ongea tena," alisema. "Sema kitu chochote. Nimeipenda hiyo sauti. Nilikuwa nikisema, huyu mwanamke wa redioni, tungekutana tungekuwa ndugu."

Consolate alijifunika mdomo kwa pindo la kitenge.

Ndipo Khadidja alipochukua simu, akamwambia mumewe chakula kiko tayari, kwa sauti ya kawaida kabisa. Twahiru alikuja na nguo za kazi. Alipoinua pazia akawaona watatu, alisimama na mguu mmoja ndani. Hakumtazama mkewe, wala hakumtazama Sakina wake. Alimgeukia Asiya.

"Si nilikuomba usiongeze neno?"

Khadidja aliinua kichwa polepole. "Ulimuomba lini?"

Khadidja akamgeukia jirani yake.

"Asiya. Alikuomba lini?"

"Ijumaa," Asiya alisema. "Alinikuta njiani. Sikuwa najua kitu, Khadidja, nilikuwa natafuta."

"Ijumaa." Khadidja alilitamka kana kwamba ni jina la mtu mwingine aliyeingia chumbani. "Leo ni Jumatatu. Na unakaa hapo, ukuta mumoja."

Asiya alianza kueleza, akaona kwamba kila alichosema kilikuwa kweli na hakikusaidia. Aliwaacha wale watatu, akatoka. Hakusikia walichoambiana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliondoka ukutani na kwenda kuketi uani, mbali, ili hata wakisema kwa sauti asisikie.

Ndugu wa pande zote walikutana, wakakaa vikao. Ilithibitika kwamba shehe alikuwepo, na mashahidi, na kwamba Twahiru aliwaapia wote kuwa mke mkubwa ana habari. Consolate aliomba talaka akapewa. Alirudi kwenye cherehani yake kule Cibitoke, na siku moja alionekana tena kwenye kwaya, mstari wa nyuma. Twahiru alilala stoo ya gereji, kati ya matairi na betri, kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea. Khadidja alimrudisha baada ya Ramadhani. Aliyemuuliza kwa nini aliambiwa ashughulike na wa kwake.

Sylvère hakuambiwa kisa, ila alikinusa. "Wasikilizaji wanamdai yule wa nyumba kubwa, madamu," alisema. "Orlane anaweza kukusaidia." Asiya alikataa. Alijaribu kumwandikia Mama Semeni maneno mapya kwa mwigizaji mwingine, lakini alfajiri ilikuwa kimya, hakuna sauti iliyokuja. Mwishowe akampeleka Mama Semeni Uvira kwa binti yake, na mchezo ukaendelea jikoni mwa mtu mwingine. Watu walimwuliza barabarani anarudi lini. Khadidja hakuuliza.

Hata hivyo hakuna anayeweza kugawana ukuta na mtu asimsalimie milele. Walianza na salamu, halafu pole ya mgonjwa. Siku moja mvua iliponyesha ghafla, walijikuta wote wawili chini ya bati moja wakianua nguo. Waliketi pale wakingoja ikatike. Khadidja alikuwa na jambo. Asiya alimjua, alivyokuwa akivuta kidole kimoja kimoja.

"Iko kitu nataka kukuambia," Khadidja alisema. Halafu akamgeukia. "Si ya redio, eh?"

"Si ya redio."

Khadidja alimwangalia machoni, muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Makaa ya sasa hayawaki," alisema hatimaye. "Wanayauza mabichi."

"Ni kweli," Asiya akaitikia. "Yanatoa moshi tu."